Nge na Makubadhi ya Bi Kheiria

Kila siku baada ya chakula cha mchana, nyumba ya Ghassan kule Hail, Maskati, hunyamaza kabisa. Mapazia huteremshwa, kiyoyozi hunguruma taratibu, na Bi Kheiria, mama yake Ghassan, hujinyoosha juu ya kochi la sebuleni kwa ubavu wa kulia, mtandio usoni. Hiyo ndiyo kailula yake, usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na hajapata kuiacha tangu alipokuja Maskati kutoka Unguja akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Alizaa, akalea, akahama nyumba mara nne, akamzika mume, kailula haikuguswa.

Ila mwezi ule kailula ilipata mgeni. Mjukuu wake Muzna, mwenye miaka tisa na mdomo usiojua likizo, alipewa kazi shuleni: atunge kitabu kidogo cha kuwaeleza watoto wa darasa la kwanza habari za wadudu wenye sumu. Alikiandika kwa Kiarabu. Bibi yake akamwambia, "Mie nnasikia vizuri kwa Kiswahili tu," na huo ulikuwa uongo wa mchana kweupe, maana Kiarabu anakisema kuwashinda wenyewe. Alitaka mtoto aizoeze midomo lugha ya nyumbani. Basi kila akirudi shule Muzna alikaa kwenye zulia, mgongo umeegemea kochi, akawa anageuza ukurasa mmoja mmoja kwa Kiswahili, na maneno yake yakawa yanaingia kwenye usingizi wa bibi yake bila hodi.

"Bibi, nge si mdudu," alisema siku ya Jumapili, ambayo kule ni siku ya shule. "Mdudu ana miguu sita. Nge ana minane. Yeye na buibui ni, yaani, awlad amm."

"Watoto wa ami," Bi Kheiria alimsahihisha, macho kayafumba.

"Ehe. Na mama nge hatagi mayai, anazaa watoto khalas, basi. Halafu anawabeba wote mgongoni mpaka wapate nguvu."

Maneno yakamchukua Bi Kheiria. Akajiona yuko arusini Unguja, ua zima limetandikwa mikeka, na wageni wanaingia mmoja mmoja. Mama nge alifika na watoto thelathini mgongoni, weupe kama punje za mchele, akaomba radhi kwa kuchelewa. Buibui, watoto wa ami zake, walikwishakaa pembeni wanasuka. Hakuna aliyemwogopa mwenzake. Sauti ya Muzna ilikuwa sauti ya mpokea wageni aliyesimama mlangoni, akimtaja kila aingiaye na silaha yake: huyu sumu yake imo mkiani, yule imo kwenye meno, buibui mweusi mwenye doa jekundu tumboni ni mpole, ila usimkalie, nyuki ana mwiba mmoja tu, akishautumia anakufa mwenyewe, na nyigu huchoma mara nyingi apendavyo. Kisha akaingia mmoja mkubwa, mwenye manyoya, rangi ya mchanga, anakimbia mbio za kutisha, na wanawake wote wakapandisha miguu juu ya viti. "Msimkimbie!" mpokea wageni alisema. "Buibui wa ngamia hana sumu hata tone. Anakifuata kivuli chako, anatafuta baridi." Bi Kheiria akatandaza kanga yake kumtilia kivuli, na yule maskini akajikunja chini yake akashusha pumzi. Alizinduka kwa adhana ya alasiri, moyo wake mweupe, akitabasamu peke yake.

Tabasamu likamkauka mlangoni. Makubadhi yake, viatu vyake vya ngozi alivyoletewa kutoka nyumbani, avitiavyo miguuni kila alasiri aendapo kwa jirani kunywa kahawa, yalikuwa yamepinduliwa. Nyayo zote mbili zinatazama mbinguni.

Mtu wa mbali atasema, kiatu hicho, kiinue ukigeuze, kuna nini? Lakini Bi Kheiria alilelewa kwamba kiatu hakiielekezi mbingu uchafu wake, na nyumba yenye kiatu kilichopinduka imeita ugomvi au msiba. Wengi waliolelewa hivyo hucheka wakiulizwa, na wakikiona hukigeuza haraka kabla ya kumaliza kucheka. Yeye hakucheka hata mara moja. Asubuhi aliyokufa mumewe, miaka miwili nyuma, alimkuta keshalala moja kwa moja, na chini ya kitanda ndara yake moja imepinduka. Hajamwambia mtu habari ya ndara ile.

Akainama kwa taabu, maana magoti hayamsaidii, akayageuza makubadhi kwa vidole, akasema astaghfirullah, akaenda kwa jirani. Jumatatu akayakuta vile vile. Viatu vya Ghassan vilikaa sawa, vya mkewe sawa, vya mtoto sawa. Yamepinduliwa ya Bi Kheiria peke yake.

Usiku ule mezani aliweka kijiko chini. "Anayepindua kiatu cha mwenzake," alisema, bila kumtazama mtu, "anamtakia mauti. Nshasema, atakaye kusikia na asikie."

Muzna akaacha kula. Bi Kheiria alimwona, akadhani samaki ana miiba.

Sasa nani? Ghassan hutoka alfajiri kwenda Wattaya kuuza magari, na mkewe hutoka naye. Mtoto ni mtoto, tena amefunzwa. Alibaki mmoja, na huyo mmoja ndiye pekee anayekuwa macho wakati wa kailula. Nyamizi, mtumishi wa nyumbani, alikuwa na miaka mitatu ndani ya nyumba ile. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkimya, mikono yake haina papara, na alitoka Tabora. Hapo ndipo pabaya. Shangazi zake Bi Kheiria, Mungu awarehemu, walikuwa na maneno mengi juu ya watu wa bara na dawa zao, na maneno ya shangazi yakiingia sikioni utotoni hayatoki kwa sabuni. Bi Kheiria hakumuuliza Nyamizi lolote. Alianza tu kumtazama: jinsi anavyokunja nguo, jinsi anavyopita mlangoni, jinsi anavyoangalia chini. Ukishaamua kumshuku mtu, hata namna anavyomwaga maji ya mchele utaiona ina jambo. Chai aliyoletewa na Nyamizi Jumanne asubuhi aliimwaga kwenye sinki, na alipofanya hivyo aliona haya, lakini aliimwaga.

Jumanne mchana alilala vibaya. Muzna alikuwa akisoma taratibu kuliko kawaida yake, anajikwaa kila mstari.

"Nge mwenye magando manene na mkia mwembamba, sumu yake ndogo. Mwenye magando membamba na mkia mnene, huyo ndo mbaya. Mchana anajificha. Anapenda, anapenda pahala pa giza na..." Akainua uso. "Bibi, kwani wewe hukung'uti viatu kabla ya kuvaa?"

"Nikung'ute viatu kama mchunga mbuzi?" Bi Kheiria alijibu kutoka usingizini. "Kiatu hakipigwi chini, mwanangu, wala hakipinduliwi. Soma."

Mtoto akasoma. Arusini safari hii taa zilikuwa hafifu, na mpokea wageni hakuwataja watu majina. Bi Kheiria alitembea baina ya mikeka akiwauliza waliokaa, ni nani kati yenu, na kila mmoja akaonyesha mikono mitupu. Aliamka kabla ya adhana, akaenda mlangoni moja kwa moja. Nyayo juu.

Jioni hiyo alimwita mwanawe chumbani, akafunga mlango.

"Mrudishe kwao huyu."

"Mama, kwa ajili ya viatu?"

"Si viatu. Makubadhi yangu mie, siku tatu, mie peke yangu. Kama unataka kunizika, mwache."

Ghassan alisugua paji la uso. Ni mtu mzima, ana watu ishirini chini yake kazini, na mbele ya mama yake hana hata mmoja. Tiketi ikakatwa, Maskati kwenda Dar es Salaam, Ijumaa mchana. Bi Kheiria alilala akijiambia kuwa amepata amani. Hakuipata. Mara mbili usiku ule alikumbuka jinsi Nyamizi alivyomwogesha baada ya homa, bila kumfanya aone aibu, na mara mbili akajigeuza upande wa pili.

Jumatano Muzna alirudi shule akasema kichwa kinamuuma, hatasoma, akajifungia chumbani. Kailula ikawa tupu. Bi Kheiria alijilaza, hakuota kitu, na baada ya muda akasikia miguu midogo ikipita sebuleni, ikaenda mlangoni, ikarudi. Akadhani ni ndoto imechelewa kuanza. Alipoinuka nyumba ilikuwa ya rangi ya asali, mwanga umepenya pembeni ya pazia, na akaishika njia ya kwenda mlangoni kama mtu anayetembea ndani ya maji. Makubadhi yamepinduka. Hakukasirika tena, alichoka tu. Aliinama, akaingiza vidole viwili chini ya kubadhi la kulia ili aligeuze.

Moto ukaingia kwenye kidole cha shahada.

Hakupiga kelele. Aliutoa mkono akautazama, na hakuona kitu, alama ndogo tu isiyotoa damu. Kubadhi likaanguka upande, na kwenye kivuli lilichokuwa limekifunika akasimama nge mweusi, mkia juu, mnene. Magando yake yalikuwa membamba kama koleo za sonara. Bi Kheiria alimtambua papo hapo. Alikuwa ameelezwa habari zake vizuri sana.

"Nyamizi!" aliita. Katika nyumba nzima, jina lililomjia ni hilo.

Nyamizi alitoka jikoni, mikono ina povu. Alitazama mara moja akaelewa yote. Alichukua bilauri akamfunika nge, akamkalisha Bi Kheiria kitini, akaanza kumvua pete na bangili kabla hajasema neno.

"Unanivulia nini dhahabu yangu?" Bi Kheiria alisema, na hata mwenyewe alisikia ubaya wa sauti yake.

"Mkono utavimba, Bibi. Pete itakukata." Pete ya mwisho ikatoka. "Tulia. Usiutikise mkono. Kadiri unavyohangaika, ndivyo sumu inavyotembea."

"Nichanje. Ninyonye damu, itoke."

"Hatuchanji wala hatunyonyi. Baba yangu alikuwa mrina asali, Sikonge. Nimeumwa na kila kitu chenye mwiba." Alifunga barafu ndani ya kitambaa safi, akakiweka juu ya kidole, akaupumzisha mkono juu ya mto. "Nyuki anakuachia mwiba wake, unautoa, yameisha. Huyu mwiba wake anao bado. Huyu ni mustashfa, hospitali, sasa hivi."

Muzna alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, uso umemtoka rangi. Nyamizi alikwisha kuzungumza na Ghassan kwa simu, akakimbia nje, akarudi na dereva wa nyumba ya pili. Wakampakia Bi Kheiria kiti cha nyuma, kichwa begani kwa Nyamizi, mtoto mbele.

Njia nzima ilikuwa ndoto ndani ya mchana. Ulimi ulimfa ganzi, jasho likamtiririka, moyo ukawa unakwenda mbio bila yeye. Majumba meupe yalipita dirishani yakiyumba, mitende ikapita, na katikati ya barabara akaona ua la arusi, mikeka, wageni wote wamekaa kimya wakimngoja. Mama nge alikuwa kwenye kiti cha mbele. "Sikukuchukia," nge alimwambia. "Nilikuwa nimelala kivulini. Umeniinulia paa." Bi Kheiria alitaka kumjibu, midomo ikakataa. Aliukaza mkono wake mzima juu ya mkono uliomshika, akausikia nao umekaza, na hakuuachia mpaka wauguzi walipowatenganisha.

Dawa ya kuzima sumu ilipoingia mshipani, dunia ilirudi polepole mahali pake. Kwanza ikarudi dari, kisha taa, kisha maumivu, ambayo daktari alisema yatakaa siku mbili lakini hayatamuua. Ghassan alikuwa amefika kutoka Wattaya, shati limemlowa. Nyamizi alisimama miguuni pa kitanda. Muzna alikuwa akilia kwa kwikwi, na alipoona macho ya bibi yake yamefunguka akajitupa juu ya shuka.

"Ni mimi, Bibi. Mimi nimekuua."

"Hujaniua. Sema vizuri."

"Makubadhi napindua mimi. Miguu yako haisikii, kwa sababu ya sukari, daktari alisema hata msumari hutausikia. Na wewe hukung'uti viatu. Nge angeingia ndani, wallah, ungevaa, usijue. Nikasema nikiyapindua hataingia."

"Imeandikwa kitabuni, kupindua?"

"Imeandikwa kukung'uta." Kwikwi ikamkata. "Kupindua nimebuni mwenyewe. Nilisahau anapenda kukaa chini ya vitu. Nimeandika mwenyewe halafu nimesahau. Na uliposema anayepindua anataka mwenzake afe, nilitaka kuacha. Lakini nge yupo kweli, Bibi. Nilimwona bustanini."

Bi Kheiria alimshika kichwa. Mapenzi yalimjaa kifuani yakamzidi maumivu ya kidole, na nyuma ya mapenzi, hatua moja tu, likaja jambo jingine, zito. Aliinua macho kwa Nyamizi.

"Wewe ulijua?"

"Nilimwona mtoto Jumapili ile ile. Asubuhi akiyapindua nayaweka sawa, hujaamka. Mchana ananiwahi, nikiwa na vyombo."

"Na mbona hukusema? Umekatiwa tiketi. Ghassan kakwambia."

"Ameniambia jana." Nyamizi alitazama chini, kisha akaacha kutazama chini, akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. "Mtoto aliniomba, analia. Halafu, Bibi, ningekwambia ni mjukuu wako, ungeniamini?"

Ghassan alijishughulisha na simu yake iliyozimika. Bi Kheiria angeweza kusema ndiyo, na wote wangelipokea, na adabu ingehifadhiwa. Aliona aibu kiasi cha kutamani ile ndoto imrudishe ndani.

"Nisingekuamini," alisema. "Ningesema unamsingizia mtoto. Nimekuwazia mabaya, Nyamizi, nimemwaga hata chai yako. Hujanifanyia kitu. Niwie radhi."

"Nimeshakuwia, Bibi."

"Ghassan, hiyo tiketi ifute."

"Naomba asifute," Nyamizi alisema.

Wote wakamgeukia. Hakupandisha sauti. Alisema usiku wa kuamkia leo, alipoambiwa anaondoka, alilia. Kisha akafikiria uso wa mama yake, ambao hajauona miaka mitatu, akalala usingizi mzuri. Alisema hana kinyongo. Anataka kwenda nyumbani Ijumaa, kama ilivyopangwa, akae miezi miwili. Wakitaka kuongeza tiketi ya kurudi, ni hiari yao.

"Ya kurudi ikatwe leo leo," Bi Kheiria alisema haraka, na Ghassan akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyejua kama Nyamizi alikuwa ameiomba kweli au ameitaja tu.

Ijumaa baada ya swala begi la Nyamizi lilikuwa ndani ya gari. Bi Kheiria alimsindikiza hadi kizingitini, mkono wake umefungwa kitambaa, bado unapwita. Alimtilia udi nguo zake za safari mwenyewe, kwa mkono mmoja, na alimfungia halua ya kumpelekea mama yake. Maneno aliyopanga kuyasema tangu jana yalikuwa mengi. Lilitoka moja.

"Utarudi?"

"Inshallah, Bibi," Nyamizi alisema, akambusu mkono uliokuwa mzima, akaingia garini.

Neno hilo Bi Kheiria amelitumia maisha yake yote. Amewajibu nalo mafundi, madaktari, na watu waliomwalika asikotaka kwenda, na siku zote alikuwa anajua mwenyewe kama alimaanisha ndiyo au hapana. Sasa limeachwa kwake, naye hakujua. Gari likapita nyumba ya pili, likakata kona kuelekea barabara kuu, na yeye akabaki amesimama palepale mpaka Muzna akaja kumshika kanga na kumwambia jua kali, aingie ndani.